Zainabu Yupi? Somo katika Khabari za Wanawake Walioitwa kwa Jina Hili

 

Katika vitabu vya Bukhari na Muslim mna khabari ya mwanamke aliyekwenda mlangoni kwa Mtume (s.a.w.) kutaka fatwa katika jambo la sadaka. Alipofika alimkuta mwanamke wa Kiansari amesimama hapo, naye haja yake ni ile ile. Wote wawili wakaona haya kuingia, kwa haiba aliyotiwa Mtume. Akawatokea Bilali, wakamwomba awaulizie, wala asiwataje ni akina nani. Bilali akaingia akauliza. Mtume akataka kujua waulizaji ni nani, akajibiwa ya kuwa ni mwanamke wa Kiansari na Zainabu. Hapo Mtume akauliza tena: ni Zainabu yupi katika hao akina Zainabu?

Swali hilo ndilo lililonitia kuuandika waraka huu. Ukilitazama vema utaona ya kuwa Madina ya siku zile ilikuwa na akina Zainabu wengi, hatta jina peke yake halikutosha kumjulisha mtu. Ilikuwa lazima mtu atajwe kwa nyumba yake na kwa kazi yake. Na sisi watu wa pwani jina hili tumekuwa nalo katika kila mtaa, wengine wakilitamka Zainabu, wengine Zenabu. Siku hizi wazazi waliona ni jina la mabibi, nao huwapa mabinti zao majina waliyoyasikia juzi, mengine hatta maana yake hawaijui. Sina ugomvi na jina jipya likiwa na maana njema. Walakini jina la kale likiachwa, khabari za waliokuwa nalo nazo huachwa, na hiyo ni khasara.

Iko na sababu ya pili, nayo ndiyo kubwa. Wako wanaume katika sisi, tena wenye kusali safu ya mbele, wasemao ya kuwa binti akikhitimu juzuu ya Amma yamtosha, na akizidi hapo ataharibika. Neno hili hulishika kama kwamba ni mas-ala ya fiqhi. Basi nataka wanisikilize kidogo, niwaonyeshe katika fiqhi hiyo hiyo tuisomayo misikitini ni milango mingapi tuliyofunguliwa na wanawake wa jina hili moja tu.

Kwanza jina lenyewe. Wajuzi wa lugha ya Kiarabu, na katika hao mwenye Lisanu l-Arab, wamesema ya kuwa zainabu ni mti mzuri wa kutazama, wenye harufu njema, na wanawake wakaitwa kwa mti huo. Watu wengi hupenda kusema ya kuwa maana yake ni pambo la baba. Neno hilo lapendeza, nami simkatazi baba kulipenda, lakini la mti ndilo walilolitaja wenye kamusi. Na katika Sahihi imethubutu ya kuwa Mtume alilichagua jina hili kwa kusudi. Palikuwa na wanawake walioitwa Barra, na maana yake ni mwema, mtenda mema. Mtume hakupenda mtu ajisifu utakaso kwa jina lake, na hali Mwenyezi Mungu ndiye amjuaye aliye mwema. Basi Barra binti Jahsh akamwita Zainabu, na Barra binti Abi Salama naye akamwita Zainabu. Tazameni hekima yake: akawaondolea jina la sifa akawapa jina la mti, na mti hujulikana kwa matunda yake.

Wala jina halimwokoi mtu. Yule mwanamke wa Kiyahudi wa Khaibar, aliyemtilia Mtume sumu katika nyama ya kondoo mwaka 7 wa Hijra (628), naye aliitwa Zainabu, binti wa al-Harith. Nimemtaja ili asije mtu akadhani nauza hirizi ya jina.

Sasa tuanze na binti wa Mtume mwenyewe. Zainabu, mtoto wa Bibi Khadija, kwa kauli ya wengi ndiye mkubwa wa mabinti wote wa Mtume. Aliolewa na mtoto wa khalati yake, Abu l-As bin Rabii, kabla ya utume. Mama na mabinti walisilimu, na Abu l-As akabaki katika dini ya wazee wake; na juu ya hayo alikataa kumwacha mkewe Makureshi walipomshawishi. Siku ya Badri, mwaka 2 (624), Abu l-As alitekwa. Watu wa Makka walipopeleka fidia za mateka wao, Zainabu akapeleka mali, na katika mali hiyo umo mkufu aliovishwa na Bibi Khadija siku ya arusi yake. Bibi Khadija alikuwa amekwisha kufa. Mtume alipouona mkufu ule alilainika mno moyo, akawaambia masahaba zake ya kuwa wakiona vema kumfungulia Zainabu mateka wake na kumrudishia mali yake, na wafanye. Wakakubali. Tafadhali angalieni: alikuwa kiongozi wao na mwenye kuamriwa kutiiwa, na mali ile ilikuwa haki ya waliopigana, basi hakuichukua kwa amri, aliwaomba.

Abu l-As akaahidi kumpeleka Zainabu Madina, akatimiza. Walakini njiani Makureshi walimfuata, akatishwa juu ya ngamia wake, akaharibu mimba. Miaka ikapita. Mwaka 6, msafara wa Abu l-As uliokuwa ukitoka Sham ulichukuliwa na jeshi la Waislamu, naye akakimbia, akaingia Madina usiku, akaenda kwa Zainabu kutaka amani. Alfajiri, watu walipokuwa katika sala, Zainabu alipaza sauti kutoka safu ya wanawake, akatangaza ya kuwa amempa Abu l-As amani. Mtume alipotoa salamu akawaambia watu ya kuwa hakuijua khabari ile mpaka alipoisikia pamoja nao, na ya kuwa amani ya aliye mdogo katika Waislamu yawafunga wote. Kisha akamwambia bintiye amkirimu mgeni wake, lakini asimkaribie, kwa kuwa si halali kwake. Abu l-As akarudishiwa mali yote, akaenda Makka, akampa kila mtu amana yake, kisha akatamka shahada mbele yao na kurudi Madina. Wanazuoni wamekhitalifiana kama mkewe alirudishwa kwake kwa nikaha ya kwanza au kwa mpya, na hapa si mahali pa kulieneza. Mas-ala nitakayo ni hili: tusomapo katika kitabu cha jihadi ya kuwa amani ya mwanamke yasihi kama ya mwanamume, mojawapo ya dalili zake ni sauti iliyotoka safu ya nyuma alfajiri ile.

Zainabu huyu alikufa mwaka 8 (629). Na katika kufa kwake akaacha elimu kubwa. Aliyemwosha ni Ummu Atiyya pamoja na wanawake wengine, na Mtume ndiye aliyewafundisha: waanzie upande wa kulia na viungo vya udhu, waoshe mara tatu au tano au zaidi wakiona haja, iwe witri, kwa maji na mkunazi, na mara ya mwisho watie kafuri. Walipokwisha akawapa shuka yake aliyojifunga kiunoni, akawaamrisha wamvishe mwilini kabla ya sanda nyingine. Na Ummu Atiyya akasimulia ya kuwa nywele zake walizisuka mikia mitatu. Kila mwosha maiti wa pwani yetu, mume au mke, atafutaye majani ya mkunazi na kafuri, yumo katika kufuata mafunzo yaliyotolewa juu ya maiti ya Zainabu. Walioyapokea mafunzo yale ni wanawake, na wanaume baadaye wakaenda kuyachukua kwa Ummu Atiyya.

Na bintiye Zainabu, mtoto Umama, ndiye aliyebebwa na Mtume ndani ya sala hali yeye ni imamu mbele ya watu. Akisujudu humweka chini, na akisimama humbeba. Imamu Nawawi amewajibu kwa nguvu waliodai ya kuwa jambo hilo limefutwa au lilikuwa khassa kwa Mtume. Basi wenye kuwafukuza watoto msikitini kwa bakora, na wamkumbuke Umama.

Katika wake wa Mtume walikuwamo akina Zainabu wawili. Wa kwanza, Zainabu binti Khuzaima wa kabila la Hilali, khabari zake ni chache kwa kuwa umri haukumpa nafasi. Alikaa na Mtume miezi tu, akafa Madina akiwa yapata miaka thelathini. Tangu zama za ujahili akiitwa Mama wa Masikini kwa kuwalisha kwake, na Uislamu ukalithibitisha jina hilo.

Wa pili ni Zainabu binti Jahsh, ambaye mamaye, Umaima, alikuwa shangazi wa Mtume. Khabari ya kuolewa kwake na Zaid bin Haritha, na kuachwa, na kuolewa na Mtume mwaka 5, imo katika Sura ya Ahzab na hufasiriwa kila mwaka katika darsa zetu; kwa ndoa hiyo ikabatilishwa dasturi ya kumhesabu mtoto wa kupanga kuwa mtoto wa kuzaa, na katika karamu ya arusi hiyo, wageni walipokaa wakizungumza bila ya kutambua kuwa wakati umekwisha, ndipo iliposhuka aya ya hijabu. Wengi wetu hukomea hapo. Wamjua kwa ndoa yake, hawamjui kwa mikono yake.

Na mikono yake ndiyo khabari. Bibi Zainabu alikuwa fundi. Alikuwa akizitia ngozi dabagha, akizishona, akiuza, na apatacho akikitoa sadaka. Mtume aliwaambia wake zake ya kuwa atakayemfuata upesi baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wakipimana mikono ukutani. Alipokufa Zainabu mwaka 20 (641), wa kwanza wao kumfuata, naye alikuwa mfupi wa kimo, ndipo Bibi Aisha na wenziwe walipofahamu ya kuwa urefu uliokusudiwa ni wa kutoa. Zamani za Sayyidna Umar alipelekewa fungu lake katika hazina, dirhamu 12,000. Akaona ni nyingi kwa mtu mmoja, akazifunika nguo, akazigawa kwa jamaa na mayatima mpaka zikaisha, kisha akamwomba Mola wake asikifikie tena kipawa cha Umar. Akafa kabla ya mwaka wa pili.

Ngozi kwa dabagha ni mlango katika kitabu cha tahara, na kila mwanafunzi wangu huusoma: ngozi ya mfu husafika kwa dabagha, illa ya mbwa na nguruwe. Huusoma kama hesabu. Sijapata kumsikia mmoja akiuliza ni nani katika nyumba ya Mtume aliyekuwa akiifanya kazi ile yenye harufu mbaya na kuharibu vidole. Kama mwanamume katika sisi aona aibu mkewe kushona kofia na kuziuza, au amwacha ashone kisha amnyang'anye fedha, na apime mkono wake kwa mkono huo.

Neno jingine katika khabari zake. Watu wa fitina walipomzulia Bibi Aisha uwongo, Mtume alimuuliza Zainabu amjuavyo. Naye alikuwa ndiye mke mwenza aliyeshindana na Aisha katika daraja, na nduguye mwenyewe, Hamna, alikwisha kuingia katika wazushi. Kwa neno moja angaliweza kumwangusha mwenziwe. Akajibu ya kuwa aihifadhi masikio yake na macho yake, na ya kuwa hamjui Aisha ila kwa kheri. Ushahidi huu haukusimuliwa na jamaa zake wa kumtetea. Aliyeusimulia ni Aisha mwenyewe. Na mara moja Mtume aliona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili za msikiti, akaambiwa ni ya Zainabu, akichoka kusimama katika sala hujishika nayo. Akaamrisha ifunguliwe, mtu na asali kwa nguvu alizo nazo, na akichoka akae. Hapo pia tumepata hukumu.

Turudi sasa kwa yule aliyesimama mlangoni. Bilali alijibu ya kuwa ni mke wa Abdallah, yaani Abdallah bin Masud, sahaba mkubwa aliyesoma Kurani kwa kinywa cha Mtume. Ati mbona aliwataja, na hali alikwisha kuombwa asiwataje? Wanazuoni wamejibu: kumjibu Mtume aulizapo ni wajibu, na wajibu hutangulia ombi la mtu. Bin Masud alikuwa mwingi wa elimu na mchache wa mali. Mke ndiye aliyekuwa nayo, akimlisha mumewe na mayatima waliokuwa katika malezi yake. Aliposikia Mtume akiwahimiza wanawake watoe sadaka japo katika mapambo yao, alitaka kujua: je, nikiwapa hawa walio nyumbani mwangu yatosha? Mumewe hakujitolea fatwa, ingawa alikuwa faqihi. Alimwambia aende mwenyewe akaulize. Jawabu likatoka: yatosha, tena ana ujira wa aina mbili, wa kuunga ujamaa na wa sadaka.

Kwa hadithi hii wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema ya kuwa mke mwenye mali yafaa ampe mumewe fakiri zaka yake. Abu Hanifa akasema haifai, na sadaka iliyotajwa ni ya sunna. Tofauti hiyo na isitushughulishe. Kilicho wazi kwa wote ni hiki, ya kuwa mali ile ilikuwa yake, si ya mumewe. Lau ingalikuwa ya mume, swali lisingekuwapo.

Nimefika kwa yule ambaye nataka mumjue kuliko wote. Zainabu binti Abi Salama alizaliwa Uhabeshi, wazazi wake walipohamia huko kuikimbia adha ya Makureshi. Babaye alikufa kwa jeraha la Uhud, na Mtume akamwoa mamaye, Ummu Salama, mwaka 4, naye Zainabu akali ananyonya. Akakulia chumbani mwa Mtume. Husimuliwa ya kuwa alipoingia Mtume akioga, alimrushia maji usoni, na uso wake haukuacha kuwa na mng'aro wa ujana hatta alipozeeka. Alipokuwa mtu mzima watu wa Madina walimhesabu katika mafaqihi. Abu Rafii, mmoja wa tabiina, alikuwa akisema ya kuwa kila akimtaja mwanamke mjuzi wa fiqhi Madina, humtaja Zainabu binti Abi Salama.

Sasa, ndugu yangu usomaye, wewe mwenye kusema ya kuwa juzuu ya Amma yamtosha binti: akifiwa mwanamke na mumewe katika mtaa wako, wamwambia akae eda miezi minne na siku kumi, asijipambe, asitie manukato wala wanja. Akifiwa na baba au ndugu, wamwambia asizidishe siku tatu. Hukumu ya muda wa miezi minne na siku kumi imo katika Kurani. Lakini namna ya kujizuia, na mpaka wa siku tatu kwa asiyekuwa mume, wayajuaje? Mojawapo ya njia zake kubwa ni hii: Imamu Shafii aliisoma Muwatta kwa Imamu Malik; Malik alipokea kwa Abdallah bin Abi Bakr, naye kwa Humaid bin Nafii, na Humaid alikwenda kwa Zainabu binti Abi Salama, akamsomesha hadithi tatu kwa pamoja.

Ya kwanza, Zainabu aliingia kwa Bibi Ummu Habiba alipofiwa na babaye, Abu Sufiani. Ummu Habiba akataka manukato, akampaka kijana wa kike, kisha akajipangusia mashavuni mwake mwenyewe, akaeleza ya kuwa hana haja ya manukato, illa alimsikia Mtume akikataza kuomboleza juu ya maiti zaidi ya siku tatu, isipokuwa mume. Ya pili, aliingia kwa Zainabu binti Jahsh alipofiwa na nduguye, akamwona akifanya vivyo hivyo. Ya tatu aliipokea kwa mamaye, katika mwanamke aliyemuuliza Mtume juu ya bintiye mjane mwenye ugonjwa wa macho, kama yafaa kutiwa wanja; Mtume akakataza, akawakumbusha ya kuwa katika ujahili mjane alikaa mwaka mzima kisha akarusha kinyesi cha ngamia.

Humaid hakuifahamu khabari ya kinyesi. Akauliza. Zainabu akamweleza: mjane wa zamani zile aliingia kijumba kibovu, akavaa nguo mbovu kuliko zote alizo nazo, hagusi manukato wala kitu, mpaka mwaka upite, ndipo atoke, apewe kinyesi akirushe, kisha arudie mambo yake. Ujahili huo ndio Mtume aliouondoa. Basi ukisikia mahali kizuka amezuiwa kuoga, au kusema, au kukata kucha, ujue ya kuwa hayo si ya sheria; katika madhehebu yetu kujisafisha kwake ni halali, na aliyekatazwa ni pambo na manukato. Mume aliyekatazwa kusoma kwa mwanamke asingalilijua hilo. Humaid alikuwa mwanamume, akakaa akauliza mara ya pili alipokuwa hakufahamu.

Na katika Sahihi Muslim mna hadithi ya Yajuju na Majuju ambayo katika sanadi yake wamo wanawake wanne masahaba wakipokezana: Zainabu binti Abi Salama amepokea kwa Habiba, Habiba kwa mamaye Ummu Habiba, na Ummu Habiba kwa Zainabu binti Jahsh. Wawili ni wake wa Mtume, na wawili ni watoto aliowalea. Zainabu ncha hii na Zainabu ncha hii.

Hakuishi maisha ya raha. Wanawe wawili waliuawa siku ya Harra, mwaka 63 (683), jeshi la Yazid lilipoingia Madina. Yeye akafa mwaka 73, na mzee Abdallah bin Umar akahudhuria maziko yake.

Zainabu binti Ali, mjukuu wa Mtume, sina haja ya kumrefusha. Kila mtu ajua ya kuwa mwaka 61 (680) alikuwapo Karbala nduguye Husain alipouawa, akachukuliwa mateka hatta Kufa na Dameshki, na hakunyamaza mbele ya wenye kushika panga. Alimkinga mtoto wa nduguye, Ali Zainu l-Abidin, aliyekuwa mgonjwa, asiuawe. Ukoo wa Husain kwa upande wa wanaume umeendelea kwa kijana huyo, na masharifu wa kwetu wenye nasaba yao kwa Husain wamhesabu yeye katika mababu zao.

Hapa najua nitaambiwa: hao ni watu wa nyumba ya Mtume au masahaba zake, nani wa kufananishwa nao? Neno hilo lina adabu. Walakini elimu haikukatika kwao.

Katika mji wa Naisaburi, Khurasani, aliishi Zainabu binti Abdurrahman, ajulikanaye kwa Ash-Shaariyya. Alizaliwa mwaka 524 (1130), akafa mwaka 615 (1218). Alipewa ijaza na wanazuoni wakubwa, mmoja wao Zamakhshari mwenye tafsiri ya Kashshaf. Mwaka 610 akamwandikia ijaza mtoto mchanga wa miaka miwili katika mji wa Irbil, na mtoto yule akakua akawa Ibn Khallikan, kadhi mkuu wa Mashafii wa Dameshki na mwenye kitabu mashuhuri cha khabari za watu wakubwa. Kadhi huyo alipokuwa akiandika habari zake hakuona haya kusema ya kuwa ana ijaza ya mwanamke. Aliiandika kwa kujisifu.

Na huenda mtu akacheka: mtoto wa miaka miwili atapewaje ijaza? Faida yake ni hii. Sanadi husifiwa kwa uchache wa watu baina yako na Mtume. Mtoto akiandikiwa ijaza na mzee wa miaka tisini, kisha yeye naye akaishi miaka tisini na kuwaandikia watoto, basi watu wawili wamebeba karne moja na nusu. Ndiyo maana walitafutwa wazee walioandikiwa utotoni, na wanawake walikuwa wengi katika hao.

Aliyefika ukomo katika jambo hili ni Zainabu binti Ahmad, ajulikanaye kwa Binti l-Kamal, wa Dameshki. Alizaliwa mwaka 646 (1248), wa ukoo wa Kimakdisi wa madhehebu ya Hanbali. Utotoni macho yalimwuma, na maisha yake yote hakuolewa. Akali mtoto, aliandikiwa ijaza na wanazuoni wa Baghdadi na wa miji mingine. Alipokuwa na miaka kumi hivi, mwaka 1258, Watatari wakaingia Baghdadi wakaua na kuharibu. Waliomwandikia walikufa, wenziwe walioandikiwa pamoja naye nao wakafa mmoja mmoja, naye akabaki. Mwanafunzi wake Adh-Dhahabi, imamu wa khabari za wapokezi, ameandika ya kuwa alibaki peke yake duniani na ijaza za vitabu kiasi cha shehena ya ngamia. Na ya kuwa alikuwa mpole, mvumilivu, wanafunzi wakimsomea sehemu kubwa ya siku na yeye hachoki. Alikufa mwaka 740 (1339), umri wake wapita miaka tisini, na wenye elimu wakasema ya kuwa kwa kufa kwake watu wote wameshuka daraja moja katika sanadi.

Sisemi mwanamume akae na mwanamke asiyekuwa maharimu wake bila ya sitara. Adabu ya jambo hilo yajulikana, na waliomsomea Binti l-Kamal waliijua kuliko sisi. Nasema ya kuwa Dhahabi alikuwa Shafii, wala hakuona ya kuwa mwanamke huyu aliharibika kwa kupita juzuu ya Amma.

Na waliokwenda kwake, mmoja aliifikia pwani yetu. Mwaka 726 (1326) aliingia Dameshki kijana wa Kimaghribi, mtu wa Tanja, njiani kwenda kuhiji. Akasikiliza Sahihi Bukhari katika Msikiti wa Bani Umayya, na katika orodha ya waliompa ijaza mjini humo ameandika jina la Zainabu binti Kamalu d-Din Ahmad. Kijana huyo ndiye Ibn Batuta. Mwaka 731 (1331) alipanda chombo, akashuka Mogadisho, kisha akaja Mombasa. Ameandika ya kuwa watu wake ni Mashafii, watu wa dini na uchaji, na misikiti yao ni ya mbao, imejengwa vizuri mno. Alilala kwao usiku mmoja, na ijaza ya Zainabu anayo, kisha akatweka kwenda Kilwa. Bibi mwenyewe wakati huo alikuwa hai Dameshki, umri wake wapita miaka themanini, akisomewa.